Wanangu wa maabara, adabu haikusema mnyamaze

Wanangu,

Mwezi uliopita alikuja nyumbani kwangu hapa Tanga kijana mmoja, akaniamkia, akakaa kibarazani, akanipa bahasha. Ndani yake mlikuwa na wasifu wake wa kazi. Amefanya kazi kwenye miradi ya utafiti wa malaria miaka tisa. Alianza kama mchukua sampuli, akasoma uzamili huku akifanya kazi, kisha akaanza uzamivu. Mapema 2025, fedha za Marekani ziliposimamishwa kwa amri kutoka Washington, mradi wake ulifungwa hata masika hayajaanza. Tasnifu yake iko nusu na mshahara umekatika. Alitaka nimsaidie kutafuta pa kwenda.

Nikausoma wasifu ule mpaka sehemu ya machapisho. Palikuwa patupu. Nikadhani kasahau ukurasa. Nikamuuliza, "Mwanangu, miaka tisa yote, makala ziko wapi?" Akasema zipo sita. Akafungua simu akanionyesha moja baada ya nyingine. Watoto walioandikwa mle ni yeye aliyewafuata kijiji kwa kijiji kwa pikipiki. Damu yao ni yeye aliyeichukua. Takwimu ni yeye aliyezisafisha usiku, safu kwa safu. Jina lake nikalikuta mwisho kabisa, kwenye aya ya shukrani. Nikamuuliza kama aliwahi kulizungumza jambo hilo na kiongozi wa mradi. Akainamisha kichwa. "Niliona aibu, Mama. Yule ni mtu mzima."

Usiku ule usingizi ulinipaa. Nilimkasirikia kiongozi wake, nikamkasirikia na yeye, halafu nikatukasirikia sisi wazee tuliomlea hivyo. Ndipo nikakaa kuwaandikia ninyi nyote mnaosoma uzamili na uzamivu wa sayansi za tiba, Muhimbili, Moshi, Mwanza, Nairobi, Kilifi, Entebbe na kwingineko, na ninyi mliokwisha maliza mkaingia kwenye mikataba ya miaka miwili miwili mnayoiita postidoki. Nimekaa kwenye darubini tangu 1984. Nimesimamia wanafunzi, wengine vizuri, wengine vibaya. Nisikilizeni.

Tuliwafundisha kwamba mtoto hamkatizi mkubwa kauli. Hilo silifuti. Lakini hakuna mzee mwenye akili aliyewafundisha kwamba mkubwa akilichukua jembe lako umshukuru na mpini umpelekee. Nendeni vijijini mkaangalie watu wanavyolima kwa kugawana. Mwenye shamba na mlimaji hukaa chini kabla ya mvua, wakapatana: haya magunia yako, haya yangu. Hakuna anayemwona mlimaji yule kuwa hana adabu. Anayeonekana mjinga ni yule aliyesubiri mpaka magunia yamepangwa barazani kwa mwenzake ndipo aanze kuuliza fungu lake.

Makala ni mavuno. Jina lako likae wapi, jambo hilo lizungumzwe kabla ya sampuli ya kwanza kuingia kwenye friza. Na msidhani mnaomba fadhila, maana kanuni zipo. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, iliyoanzia Vancouver mwaka 1978, imeweka masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi: awe amechangia kwa uzito katika kubuni kazi, au kukusanya takwimu, au kuzichambua na kuzifasiri, awe ameandika rasimu au kuihakiki kwa kina, awe ameikubali nakala ya mwisho, na awe tayari kujibu kwa ajili ya kazi hiyo. Yote manne, hata moja lisikosekane. Ndiyo maana mtu anaweza kuambiwa, na kwa haki, kwamba kuchukua damu ya watu peke yake hakumfanyi mwandishi. Lakini kamati hiyohiyo inasema kwamba aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kuyatimiza yaliyobaki. Someni hapo mara mbili. Kijana wangu alikuwa na haki ya kuitwa kwenye rasimu. Hakuitwa, naye hakugonga mlango.

Mlango unagongwaje? Wengi mnaniambia hamjui mseme nini, basi nawapa maneno. "Profesa, naona kazi hii itazaa makala. Naomba niandike rasimu ya sehemu ya mbinu na ya matokeo. Tunaweza kukaa nusu saa tukapatana majina yatakaaje, na tukibadilisha mgawanyo wa kazi baadaye tulirudie?" Hapo tusi liko wapi? Mkitoka ofisini, jioni hiyohiyo andikeni barua pepe fupi: ahsante kwa mazungumzo ya leo, nimeelewa kwamba mimi nitaandika hiki na wewe kile. Mtu mwema ataifurahia kwa sababu inamkumbusha. Asiye mwema atajua kwamba kumbukumbu ipo.

Nimewahi kukaa kwenye vikao ambapo mwanafunzi anaulizwa kwa nini amechagua swali hili la utafiti, akajibu, "Ndilo swali mradi ulilokuwa nalo." Miaka minne ya uzamivu, na swali si lake! Hili nalo ni tunda la ukimya. Mtu asiyethubutu kuuliza jina lake litakaa wapi, hathubutu pia kumwambia msimamizi wake kwamba kipimo hiki kinakosea, au kwamba namba hizi hazikubaliani na alichokiona kijijini. Na hapo mwenye kuumia ni mgonjwa.

Mnamfahamu Erasto Mpemba. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari Magamba, Lushoto, mwaka 1963, alipoona mchanganyiko wa aiskrimu aliouweka kwenye friza ukiwa bado wa moto unaganda kabla ya ule uliopoa. Akauliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaenda Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, wenzake wakaifanya kichekesho. Kisha akaja Denis Osborne, mwanafizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Kijana akainua mkono mbele ya watu wote wanaomcheka, akauliza swali lilelile. Osborne akaahidi kwenda kulijaribu, akalijaribu kweli. Mwaka 1969 makala ikatoka, na jina la kwanza ni la Mpemba. Wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo. Mimi ninachowaonyesha ni hiki: swali lilikuwa moja, wazee walikuwa tofauti. Kama kijana yule angeichukua kauli ya mwalimu mmoja kuwa hukumu, tusingelijua jina lake.

Sasa niwatazame usoni. Wengi wenu mmekabidhi kazi yenu yote kwa msimamizi mmoja. Yeye ndiye anayewapa swali, anayewapa fedha, anayesaini fomu, anayeandika barua ya kuwapendekeza, anayewaambia kama mna akili au hamna. Akihama, mmekwama. Akiwachukia, mmekwisha. Kwenye utafiti wetu slaidi ya malaria, kile kioo chenye tone la damu tunachokitazama kwa darubini, husomwa na watu wawili, kila mmoja kivyake, bila kuona namba za mwenzake. Unahesabu vimelea mpaka umefikisha chembe nyeupe 200, kisha unakadiria ukichukulia kwamba mtu ana chembe nyeupe 8,000 katika kila mikrolita ya damu. Wasomaji wakipishana sana, anaitwa wa tatu, mwenye uzoefu zaidi. Tone la damu tunalipatia hata wasomaji watatu. Ninyi maisha yenu mmempa mmoja.

Tafuteni msomaji wa pili. Awe mtu asiyesaini fomu yenu yoyote, wa idara nyingine au taasisi nyingine, ambaye mnaweza kumwambia "sielewi" bila kutetemeka. Msomaji wa tatu awe aliyewatangulia miaka miwili tu, maana yeye bado anakumbuka kibali cha maadili ya utafiti kilivyomchelewesha na ni ofisi gani ilimsaidia. Na mjue angalau mtu mmoja aliyetoka chuoni akafanya kazi nyingine: mkaguzi wa dawa kwenye Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, msimamizi wa ubora kwenye maabara ya hospitali ya rufaa, mfuatiliaji wa majaribio ya chanjo, mtunza takwimu. Uprofesa hautawatosha wote, na si aibu. Aibu ni sisi kuwaficha hilo mpaka siku ya mahafali.

Msimamizi bora hawezi kuwa kila kitu kwenu, na nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilimwangusha mtu. Alikuwa binti hodari, mwanafunzi wangu wa uzamivu. Aliniletea sura ya tatu ya tasnifu akiwa na mimba ya miezi minne. Nikaiweka juu ya kabati. Sikuwa naumwa, wala sikuwa safarini muda wote. Niliona tu kwamba kuna mambo makubwa zaidi. Niliisoma baada ya miezi saba. Mtoto alikuwa amekwisha zaliwa, ruzuku yake imekwisha muda, na yeye ameajiriwa duka la dawa. Hakunilaumu hata siku moja. Angepiga mlango wangu kwa nguvu, angemwendea mkuu wa idara, pengine leo angekuwa na shahada yake. Lakini mzigo ule si wake. Ni wangu, nami nimemwomba radhi.

Kwa hiyo wasimamizi wenzangu, barua hii mnaisoma nanyi. Sura ya mwanafunzi ikifika mezani kwako, mpe tarehe, na uitimize. Kumweka mtoto wa mwenzio miezi saba bila jibu ni kumdhulumu.

Mengine nayapitia upesi kwa kuwa mmeshaambiwa. Daftari la maabara liandikwe kwa wino na tarehe, siku hiyohiyo, hata kwa jaribio lililoharibika. Takwimu ziwe na nakala sehemu tatu, moja mbali na jengo. Jifunzeni kuchambua takwimu wenyewe, msiwe watu wa kumpelekea mtaalamu faili na kurudi na majibu msiyoyaelewa. Jarida linalowaandikia kwa sifa nyingi na kuahidi kuchapisha ndani ya siku tano linataka pesa zenu. Sampuli zikienda nje ya nchi, someni mkataba wa kuzisafirisha: nani anazimiliki, zitatumika kwa nini, na ninyi mtakwenda kuzipima pamoja nao au mtaletewa majibu. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri haijali shahada zenu umeme ukikatika, kwa hiyo juaneni na fundi wa jenereta kwa jina. Na laleni.

Halafu rudini vijijini mkawaambie watu mlichokipata, kwa Kiswahili chepesi. Ugonjwa wa chikungunya ulielezwa kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Jina lake ni neno la Kimakonde, la mtu aliyekunjwa na maumivu ya viungo. Waliougua ndio waliotoa neno. Makala za 1955 zilizoutambulisha kwa ulimwengu zina majina ya Robinson na Lumsden, watafiti wa Kizungu. Miaka sabini imepita, na bado wapo vijana wa Kiafrika wanaotoa jasho na neno, kisha jina likaandikwa la mwingine. Safari hii wakati mwingine anayeliandika ni Mwafrika mwenzao, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Serikali zetu nazo zisikie. Tangu Mpango wa Lagos wa 1980 viongozi wa Afrika wameahidi asilimia 1 ya pato la taifa kwa sayansi na utafiti. Nchi zetu bado hazijaifikia. Tungekuwa tumeitimiza, amri iliyotolewa Washington isingemfukuza kazi kijana anayepima malaria Muheza. Na vyuo vinapompandisha mtu cheo kwa kuhesabu makala bila kuuliza amelea wangapi, vinamfundisha kwamba mwanafunzi ni jembe. Mama mjamzito anayesoma uzamivu anakuta ruzuku isiyojua kuwa watu huzaa. Haya hayawezi kuachiwa ujasiri wa wanafunzi peke yao.

Yule kijana hakuondoka kwangu siku ile. Tulikaa palepale kibarazani tukamwandikia kiongozi wake wa zamani barua pepe yenye mistari saba, ya heshima, isiyo na lawama, ikiuliza kama kuna takwimu za mradi ambazo bado hazijaandikwa na kama anaweza kupewa nafasi ya kuziandika. Vidole vyake vilitetemeka kubonyeza. Jibu lilikuja baada ya siku tisa: zipo za msimu wa mwisho, anza, tuma rasimu, wewe utakuwa wa kwanza. Miaka tisa ya kuona aibu, na jibu lilikuwa umbali wa mistari saba. Siwaahidi kwamba kila mzee atajibu hivyo. Wapo watakaokasirika, ndiyo maana nimewataka muwe na wasomaji wengine.

Rasimu yake ameniletea juzi. Iko hapa mezani, nimefika ukurasa wa kumi na moja, na jedwali la pili lina kasoro ninayotaka kumwonyesha. Nimemwahidi Ijumaa. Naishia hapa nikaendelee kuisoma.

Mama yenu,
Tanga