Halima, mwili wako haujakataa

Mpendwa Halima,

Salamu nyingi kutoka Morogoro. Sisi hatujambo, watoto wamefunga shule na nyumba imechangamka.

Barua yako imenikaa rohoni, hasa pale uliposema mwili wako umekataa mazoezi. Mnatembea njia moja na mdogo wako, saa zile zile. Yeye siku hizi anapanda ngazi huku anapiga soga, wewe pumzi ni ile ile. Inauma, najua. Na ni kweli watu hatupokei mazoezi sawasawa. Miaka ya 1990, Marekani na Kanada, familia ambazo hazikuwa na mazoea ya mazoezi zilipandishwa baiskeli kwa wiki 20, ratiba moja kwa wote. Wengine uwezo wa mwili kutumia oksijeni uliongezeka sana, wengine wakaambulia karibu patupu. Karibu nusu ya tofauti hiyo ilionekana kufuata damu ya ukoo.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa, nawe usiishie hapo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's, Kanada, walitoa matokeo ya wiki 24 ya watu wazima wenye vitambi. Waliofanya mazoezi mepesi kwa muda mfupi, karibu wanne katika kila kumi hawakuongeza pumzi. Waliorefusha muda kwa wepesi ule ule, wakabaki chini ya wawili katika kumi. Na waliochoma nguvu sawa na hao wa pili, ila kwa mwendo mkali zaidi, hakubaki hata mmoja. Hata mmoja, Halima!

Nyie mnaongea tangu mnatoka hadi mnarudi. Kwa mdogo wako mwendo huo unatosha. Moyo wako wewe unadai zaidi. Ukishapasha mwili moto kama dakika kumi, panda kile kilima cha kanisani kwa kasi inayokuacha useme maneno matatu tu kabla ya kuvuta pumzi. Dakika mbili hivi, kisha shuka polepole, urudie. Anza na mizunguko michache, na usifanye kila siku, misuli inahitaji kupumzika.

Ila kwanza kapime presha, maana mwaka jana ulianzishiwa vidonge. Daktari akikuruhusu, niandikie nijue mizunguko mingapi umeweza. Msalimie sana mdogo wako.

Ndimi shoga yako,
Mwanaidi