Ngano za ziwa letu zisidharauliwe

Mhariri, salamu. Naomba nafasi nimjibu yule msomaji aliyeandika eti watu wa Kigoma tuachane na ngano za wazee tushike sayansi ndo tutaendelea. Mi nipo hapa Ujiji na sayansi naikubali, ila hayo mambo yanaishi pamoja kichwani mwa mtu mmoja, wala hayagombani kama anavyodhani.

Chukua hili ziwa letu la Tanganyika. Wazee walisimulia kwamba zamani hapa palikuwa nchi kavu, mtu na mkewe walikuwa na chemchemi yenye samaki wasioisha, sharti lake wasimwonyeshe mtu, mke akaenda kumwonyesha mchepuko wake, basi ardhi ikapasuka maji yakameza wote (na mbona lawama lazima ziende kwa mwanamke, hilo nalo tuulize). Stanley, yule mpelelezi Mzungu, aliisikia hukuhuku Ujiji 1876 akaiandika. Wanajiolojia nao wanasema ardhi ilipasuka kweli, ni Bonde la Ufa, mamilioni ya miaka, ndo maana kina kinafika kama mita 1,470. Ngano haijui mita, ila inajua kwamba samaki wana masharti na anayevunja anawaponza wote.

2024 ziwa lilipofungwa Mei 15 mpaka Agosti 15 ili dagaa na migebuka wazaliane, sababu ilikuwa hiyohiyo, sema ikaja kwa lugha ya amri. Shehe akisema Ijumaa kwamba ziwa ni amana, padri akarudia Jumapili, mvuvi anasikia tofauti kabisa na tangazo la kubandikwa.

Sisemi kila imani ni nzuri. Kuna waliowaua ndugu zetu wenye ualbino kwa kutafuta utajiri, huo ni unyama tu, na hapo ndo falsafa inatakiwa, yaani mtu wa kumuuliza mganga we umejuaje?

Na swali hilo wataalamu pia waulizwe. Tangu 2003 watafiti waliandika kwamba ziwa linapata joto, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri, virutubisho vinabaki chini na chakula cha samaki kinapungua. Sasa kufunga miezi mitatu kunapoza maji? Halafu mbeba samaki wa mwaloni Kibirizi hiyo miezi mitatu ale nini, kipimo gani kinajibu hilo? Ndugu yetu aandike tena atuambie.

Msomaji wako, Ujiji