Msitupe kamusi za zamani

Mhariri, pole na kazi. Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu kuhusu hii tabia ya watu kutupa kamusi na ensaiklopedia za zamani eti zimepitwa na wakati. Majuzi mwanangu kaniona nina Kamusi ya Kiswahili Sanifu mbili kabatini, moja ya 1981 nyingine ya 2004, akaniambia baba hii kuukuu si tuigawe tu, mpya si ndo ina kila kitu? Nikamwambia mpya haina kila kitu bwana, haina yale tuliyokuwa hatuyajui.

Nieleweke, simu natumia, nikitaka maana ya neno chapchap naitafuta hukohuko. Ila simu inakupa jibu la leo. Ukitaka kujua watu wa mwaka fulani walifika wapi na waliishia wapi, hapo kitabu chakavu ndo mwenyewe. Chukua Encyclopaedia Britannica ile ya kwanza kabisa, ilitoka Edinburgh kati ya 1768 na 1771, juzuu 3 tu (toleo la mwisho kuchapwa, la 2010, lilikuwa na juzuu 32). Humo ukienda California unaambiwa haijulikani vizuri kama ni kisiwa au imeungana na bara. Ukienda kwa mwanamke wamemmaliza na kamstari kamoja, ni wa kike wa mwanamume, ukitaka zaidi nenda kwenye HOMO (yaani binadamu, kwa Kilatini). Basi. Mi hapo nilicheka alafu nikanyamaza, maana walioandika hayo hawakuwa watu wa mchezo, walikuwa wasomi wa enzi zao na waliandika kwa kujiamini kabisa.

Alafu kuna makosa, hayo ndo matamu. Kamusi ya Kiingereza ya Webster, ya Marekani, ya 1934 ina neno dord, maana yake eti densiti (uzito wa kitu ukilinganisha na ukubwa wake). Neno halipo duniani! Ilikuwa kikaratasi kimeandikwa "D or d", yaani D kubwa au ndogo ni kifupisho cha densiti, aliyekipokea akaliunganisha likawa neno moja, likapewa mpaka matamshi yake, likakaa humo raha mustarehe hadi 1939 mhariri mmoja akashtuka mbona hili halina asili. Kwenye intaneti kosa kama hilo wanalifuta usiku, asubuhi wewe wala hujui kama jana ulidanganywa. Najua Wikipedia wanatunza historia ya mabadiliko, lakini nani anaifungua? Kitabu kikishachapwa kimechapwa, kosa unalo mkononi.

Sasa narudi kwa mwanangu. Nikampa ile ya 1981 nikamwambia haya tafuta tovuti. Hamna. Akacheka, hilo alilitegemea. Nikamwambia tafuta ukimwi. Akaenda kwenye U anashuka na kidole polepole, akapita, akarudi juu, akashuka tena akidhani kakosea tahajia. Hajakosea. Mwaka huo kamusi inatoka ndo madaktari wa Marekani walikuwa wanaanza kuripoti wagonjwa wa kwanza, ugonjwa wenyewe hata jina haujapata, si kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili. Wale waandishi wetu walikaa wakakusanya maneno yote, ya ndwele, ya matanga, ya mayatima, na hilo moja hawakuwa nalo, wala hawakujua kama linakuja.

Kitabu chenyewe nilikipata kwa mkono wa pili, na mwenye nacho wa mwanzo simjui. Ila pembeni mwa ukurasa ule, mwanangu ndo aliyenionyesha, kuna mtu kaandika kwa penseli UKIMWI, kwa herufi kubwa, alafu kachora mshale mwembamba kuonyesha likae wapi, juu kidogo ya ukimya.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.