Songket ya kuchapwa si songket

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Juzi mliandika kuhusu songket, ile nguo ya Wamalay yenye nyuzi za dhahabu, nikafurahi kweli, ila pale mliposema mashine za kuchapa nakshi ndo zimekuja kuiokoa nikasema hapana, hii lazima niijibu.

Mimi nimesoma Malaysia miaka kadhaa. Siku moja nilifika jimbo la Terengganu nikamkuta mama mmoja kwenye kitanda chake cha mfumi, wao wanakiita kek, anahesabu nyuzi za mtande, zile zilizotandwa kwa urefu, ananyanyua chache kwa kijiti, anapitisha uzi wa dhahabu, anagonga, halafu anaanza tena. Nimekaa pale kama saa nzima na nguo haijaongezeka hata upana wa kidole! Nguo ya nakshi nyingi inaweza kumla mtu miezi, na jina lenyewe songket linatokana na huko kunyanyua nyuzi, sasa mashine ya kuchapa rangi inanyanyua nini?

Halafu zile nakshi zinasomwa. Zile pembetatu kwenye kepala, yaani kichwa cha nguo, ni pucuk rebung, chipukizi la mwanzi, na mwanzi ukirefuka unainama, ndo wanavyomfundisha mtu akikua asijivune. Rangi ya njano ilikuwa ya wafalme, raia haigusi. Ila siku ya harusi bwana na bibi harusi wanaitwa raja sehari, mfalme wa siku moja, kwahiyo wanapigilia songket na hakuna wa kuwauliza.

Sikatai kwamba nguo hizi zinafufuka. UNESCO waliiingiza songket kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni 2021, na kule jimbo la Pahang ufumaji wao unafundishwa mpaka magerezani, jambo ambalo mimi naliona la maana kuliko maonyesho kumi ya mitindo maana mtu anatoka na kazi mkononi. Lakini mfumaji atashindanaje na kitu kinachotoka kiwandani asubuhi kikauzwa jioni kwa jina lilelile? Mkiandika tena muulizeni yeye, msiishie kwa wenye maduka.

Na mimi nililizwa, nisijifanye mjanja. Niliuziwa dukani nikaapiwa imefumwa kwa mkono, nafika chumbani naigeuza, nyuma nyeupe pee, dhahabu yote ni rangi ya kuchapa. Sasa hivi natandikia meza.

Msomaji wenu