Juma, usipulize dawa kwanza

Juma ndugu yangu,

Salaam kutoka Kampala, sisi wazima, mvua tu ndo imetushika tangu juzi. Mesej yako niliiona usiku, eti yule jamaa kakwambia sindano za paini zako, yaani yale majani yake membamba, zina kuvu ndani kwa hiyo ununue dawa upulize ekari zote mbili. Tafadhali subiri kwanza, hiyo pesa ni karo ya watoto.

Kuwa na kuvu ndani siyo kuumwa. Hapa maabara wiki ya tatu sasa kazi yangu ndo hiyo, nachukua sindano ya kijani safi kabisa, naiosha kwa spiriti na JIK kuua vya nje, naikata vipande kama punje za mchele, naviweka kwenye kisahani chenye chakula cha kuvu. Mara ya kwanza nilichelewa kuzitoa kwenye JIK, hakuna kilichoota, siku nzima ikapotea nikaumia sana. Safari hii nikawahi, na siku ya tano nikaona pamba nyeupe inachomoza pale pale kwenye mkato, kipande cha pili kikatoa nyeusi kama masizi, cha tatu rangi ya waridi, na vyote ni vya sindano moja Juma!

Sindano changa hutoka karibu tupu, halafu mvua na upepo vinaleta vijimbegu vya kuvu, ndo maana ya zamani ina wapangaji wengi zaidi. Wengi wanakaa kimya tu. Kule Ulaya kuna kuvu inaitwa Lophodermium pinastri, inaishi ndani ya sindano bila fujo mpaka sindano ife ianguke, ndo inatoa vidoa vyeusi virefu kidogo vyenye mpasuko katikati, na mistari myeusi inakata sindano kama mipaka ya shamba, huku kwangu kule kwako.

Halafu hii ilinishika moyo. Kwenye Pinus strobus, paini ya Amerika Kaskazini, wamekuta kuvu ya jamii ya Xylaria inayotengeneza griseofulvin, dawa inayozuia kuvu zingine. Si ndo zile tembe alizomeza Rashidi alipopata mashilingi, yale mapunye ya kichwani? Ukipulizia dawa kila kitu unaua na hawa.

Mbaya zipo, sikatai. Kuvu inaitwa Dothistroma miaka ya 1960 iliipiga paini aina ya Pinus radiata Kenya na Tanzania mpaka wakaacha kuipanda. Yako ni ile ya Karibea, siyo radiata, lakini nenda uangalie matawi ya chini: ukikuta mikanda myekundu imezunguka sindano, ncha imekauka na huku chini bado kijani, nipigie siku hiyo hiyo.

Kama hakuna, nichumie sindano ishirini, changa na za zamani, tia kwenye bahasha ya karatasi, siyo kavera, ule mfuko wa plastiki, maana zitatoa jasho zioze, umpe kondakta wa basi la usiku. Nitazifuata mwenyewe asubuhi.

Msalimie mama Rashidi.

Wako,
Swali