Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mtoto asiyefika alama ya kwanza

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Naanika dagaa kwenye mwalo mmoja hapa Ukerewe. Siku ya kingatiba ya kichocho niliwapeleka wajukuu wangu wawili shuleni. Mkubwa alisimamishwa kwenye fimbo ya kupimia urefu, akapewa vidonge vyake. Mdogo, wa miaka miwili na nusu, kichwa hakikufika alama ya kwanza, sentimita 94. Nikarudi naye mikono mitupu.

Mama yake akifua ziwani, yeye hukaa kwenye beseni la maji hayohayo. Vijidudu vya kichocho vinavyotoka kwenye konokono hupenya ngozi kwa dakika chache tu, havisubiri mtoto aandikishwe darasa la kwanza.

Na dawa ya watoto wadogo kama yeye ipo. Inaitwa arprazikwanteli, kidonge kinachoyeyuka kwenye maji, kisicho na ule uchungu unaowafanya watoto wateme. Kilijaribiwa Kenya na Ivory Coast kwa watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likathibitisha ubora wake. Mwaloni kwetu bado hatujakiona. Naomba kigawiwe kliniki, siku watoto wanapopimwa uzito na kuchanjwa, maana huko kina mama tunakwenda bila kuitwa.

La pili ndilo zito zaidi. Prazikwanteli, dawa ya kichocho inayogawiwa shuleni, huua minyoo ya kichocho iliyokomaa, ile minyoo michanga hubaki. Na hata ikifa yote, mtu akirudi majini anaambukizwa upya. Mwanangu mvuvi amemeza dawa hii tangu akiwa shule ya msingi, na mwaka jana akapata tena choo chenye damu. Ziwa ndilo shamba lake, hawezi kuliacha. Ndiyo maana nasema tunahitaji chanjo. Zipo zinazojaribiwa kwa watu, mojawapo ilijaribiwa Senegal, lakini hakuna iliyopata kibali. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo Mwanza, na wataalamu wake wanaujua ugonjwa huu. Wapeni fedha za uhakika kutoka bajeti yetu wenyewe, majaribio yafanyike huku visiwani, na wavuvi waelezwe kwa Kikerewe na Kisukuma kabla ya kuombwa ridhaa.

Kliniki ya mjukuu wangu ni mwezi ujao.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Bibi muanika dagaa, Ukerewe