Barua ya wazi kwa chama chetu cha kuzikana, kabla hamjatia saini

Wanangu, wajukuu zangu, na wenzangu wachache tuliobaki,

Assalamu alaykum, na kwa ndugu zetu Wakristo, Bwana asifiwe.

Nimeambiwa kwamba kwenye kikao kilichopita mlikubaliana chama kiache kungoja mtu afe ndipo kifungue mkoba. Wazo zuri. Sanda twanunua, lori la kwenda makaburini Kikowani twalilipa, jeneza na turubai kwa wenzetu Wakristo halijawahi kukosekana. Lakini yule aliyelala ndani miezi minne akigugumia, hana lake kwetu ila machungwa na pole. Sasa mwataka chama kilipie kampuni iwe ikiwahudumia nyumbani wagonjwa ambao madaktari wamesema hawana tena la kuwaponya. Hapo niko nanyi. Kinachoninyima usingizi ni ile karatasi ya kampuni ya kujitangaza inayozunguka kwenye simu, yenye picha ya bibi kizee anayecheka na nesi aliyevaa glavu. Nasikia saini ni mwisho wa mwezi. Polepoleni kidogo.

Mnajua mimi nilikuwa karani wa tali bandarini Kilindini miaka 31. Kazi yenyewe ni kusimama kando ya meli ukahesabu kinachoshuka. Karatasi ikisema magunia 400, wewe huhesabu karatasi, wahesabu magunia. Na likishuka lililolowa, waandika limelowa, hata ukipewa pakiti nzima ya sigara. Mambo ya tiba sina cheti nacho. Lakini nilimuuguza mama watoto mpaka pumzi yake ya mwisho, na katika kumuuguza nilipitia watu wawili wa kutoa huduma hii, mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo nina cha kulinganisha.

Kansa ilimuanza titi, ikaingia mifupani. Wale wa kwanza niliwachagua kwa macho. Ofisi ina vigae vyeupe, AC yapuliza mpaka wataka kujifunika, maua mezani. Wakaniambia "tutamtunza kama mama yetu mzazi", nami nikatoa amana hapo hapo. Usiku wa tatu, saa nane, mgongo ukamshika. Nikapiga ile namba iliyoandikwa kuwa iko wazi saa 24. Ikaita, ikakatika. Nikapiga mara saba. Mara ya nane akapokea askari wa getini, kijana mwenye adabu zake, akaniambia, "Mzee, nesi huingia saa mbili asubuhi." Mama watoto akauma leso yake mpaka adhana ya Alfajiri. Leso ile ninayo hadi leo, pindoni ina matundu ya meno.

Ndiyo maana nasema swali la kwanza kuwauliza hao wenye karatasi nzuri si bei, wala si vitanda. Ni hili: saa nane za usiku, mgonjwa akishikwa na maumivu, nani ataamka, na atakuja na nini mkononi?

Wa pili walikuwa watu wa hospisi, yaani wanaomtuliza maumivu na kumtunza mgonjwa asiye na tena la kumponya. Binti wa jirani ndiye aliyenielekeza, na mara ya kwanza nilimfokea. Kwetu neno hilo ni kama kusomewa talakini ungali unapumua. Nilikosea, na kukosea kwangu kulimgharimu mke wangu wiki tatu. Mambo haya ya hospisi za leo yalianza London mwaka 1967, yakianzishwa na Cicely Saunders, mama aliyekuwa nesi kwanza kisha akasomea udaktari kwa ajili ya kazi hiyo hiyo. Nairobi ilipata yake mwaka 1990, na Mombasa nayo ikaja kupata yake. Alichokishikilia yule mama ni kwamba dawa ya maumivu hupewa mtu kwa saa, kabla maumivu hayajarudi. Si kumngoja mgonjwa alie ndipo utafute chupa.

Nesi wa hospisi alipofika hakukaa kwenye kiti nilichomfutia. Alivua viatu, akakaa mkekani kichwani pa mgonjwa, akamwambia, "Mama, ngumi maana yake huumwi kabisa. Vidole vitano maana yake huwezi tena kuvumilia. Nionyeshe." Mama watoto akanyanyua vitano. Halafu, kwa ule ukaidi wake mnaoujua, akanyanyua na mkono wa pili. Nesi akacheka, na mke wangu akacheka, mara ya kwanza mwezi ule. Mimi nimesimama mlangoni sijaulizwa kitu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Akija mtu kwenu akaanza kuzungumza na mtoto wa kiume mwenye pesa huku mgonjwa ana akili zake timamu, mshukuruni, mpeni chai, mwacheni aende zake.

Akatoa mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu. Akachukua bomba dogo la sindano lisilo na sindano, akalitia alama kwa kalamu nyekundu: mpaka hapa, kila baada ya saa nne, na ile ya kulalia maradufu ili asizinduke usiku. Pamoja nayo akatoa vidonge vya choo. Nikamuuliza vya nini, mgonjwa hajalalamika tumbo. Akasema, "Babu, mofini hufunga choo. Nikimpa hii bila hivyo, nitakuwa nimemtoa mgongo nikamtia tumbo." Akaandika zote kwenye kalenda ya duka iliyokuwa ukutani, saa kwa saa. Kesho yake akapiga simu mwenyewe, kesho kutwa akarudi. Siku ya nne mama watoto aliomba mahamri. Alikula nusu, lakini aliyaomba.

Kwa hiyo kampuni ikiwaambia "tunadhibiti maumivu", msitosheke. Shirika la Afya Duniani lilishaweka ngazi ya dawa hizi tangu mwaka 1986: kuna panado na jamaa zake chini, kuna za kati kama kodini, na juu kuna mofini. Ulizeni, nyinyi mwafika ngazi gani? Daktari wenu anayeandika mofini ni nani? Mwaipata wapi, na ikiisha Ijumaa jioni mwafanyaje? Wakianza kung'ata maneno, mjue watakuja na panado na kumshika mkono mgonjwa. Mkono ni mzuri, lakini mfupa wenye kansa hauusikii.

Hapa kuna jambo la mji wetu, nalo nalisema bila kuficha. Mombasa tumezika vijana kwa unga wa kulevya, kwa hiyo mtu akisikia mofini moyo humruka. Nilimuuliza nesi kama atamgeuza mke wangu teja uzeeni. Akanieleza kwa utulivu: anayetumia mofini kwa maumivu, kwa kipimo, ni nadra kukimbilia ulevi; mwili huizoea, ndiyo, kwa hiyo haikatwi ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo. Wala kipimo cha sawasawa hakimharakishi mtu kufa. Kisha akauliza swali ambalo wale wa vigae hawakuwahi kuliuliza: "Nyumba hii kuna anayetumia?" Nikainamisha uso. Kulikuwa na mtoto wa dada yangu. Hakunihukumu. Akasema nitafute mkebe wenye kufuli, ufunguo nikae nao mimi, na kila akija alitia mstari kwenye chupa pale dawa ilipofikia. Karani wa tali ndani yangu alifurahi. Mtoa huduma asiyeuliza swali hilo katika mji huu, ama hajui kazi ama hajui mji.

Mambo ya leseni ni mepesi, lakini msiyaruke. Kituo cha matibabu kinatakiwa kuwa na leseni ya KMPDC, lile baraza linalosimamia madaktari na vituo vyao, na muuguzi awe amesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya. Chukueni namba, mzitafute wenyewe kwao. Msipokee kivuli cha karatasi. Tena leseni ni pasi ya getini tu. Jueni pia kwamba anayewatilia saini siye atakayekuja nyumbani. Wengi hutuma wasichana waliosomea uuguzaji wa nyumbani wiki chache. Siwadharau, yule aliyekuwa akimwosha mke wangu hakuwa nesi, na mikono laini kama ile sijaiona tena. Ila alikuwa na nesi anayekuja kumwangalia kwa macho yake kila wiki. Ulizeni nesi mmoja ana wagonjwa wangapi, na wanaishi wapi. Wanachama wetu wametapakaa, wako wa Kisauni, wa Miritini, wengine Mtongwe. Kampuni yenye nesi mmoja Nyali itamfikiaje mtu wa Mtongwe usiku, feri ikiwa ya kungoja?

Watawapa namba za simu za familia "walioridhika". Hao ni mashahidi walioletwa na mwenye kesi. Nyinyi mnao mashahidi wenu, tena mmekaa nao kwenye chama na hamjawauliza: waosha maiti. Hakuna anayeijua kazi ya mtoa huduma kuliko mama anayemgeuza marehemu ubavu. Yeye huona visigino, nyonga, na pale chini ya kiuno. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza yatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi. Akiachwa, ngozi huoza mpaka mfupa ukachungulia. Si kila kidonda ni uzembe, miili mingine imeisha kabisa. Lakini nendeni kwa bibi zetu waosha, kwa heshima, faraghani, wala msiwatake wamtaje marehemu yeyote kwa jina. Waulizeni tu: watu wa kampuni fulani wakihudumia nyumba, nyinyi hukuta nini? Majibu yao yatawatosha kuliko karatasi kumi. Na wenzetu Wakristo wana watu wao mochari, nao waulizwe.

Nitasimulia moja zaidi, kwa sababu hili ndilo huleta ugomvi majumbani. Wiki ya mwisho shemeji yangu alikuja na kikombe cha uji wa wimbi, akawa amlisha dada yake kwa nguvu. "Kula, utakufa na njaa!" Uji watoka pembeni mwa mdomo, mgonjwa akohoa. Nesi hakumpokonya kikombe. Alimshika mkono, akamwambia, "Khalati, hafi kwa sababu hali. Hali kwa sababu mwili wake waaga. Ukimlazimisha, uji utaingia mapafuni." Akampa pamba na maji, akamwonyesha kulowanisha midomo. Shemeji alikaa akilowanisha ile midomo siku mbili, na mpaka leo husema ndiyo kazi kubwa aliyopata kumfanyia dada yake. Mtoa huduma mzuri humpa kila mtu wa nyumba kazi ya kushika. Hilo huliandiki kwenye mkataba, lakini mwaweza kuliuliza: mwatufundisha nini sisi wenye mgonjwa?

Ulizeni pia kama mama zetu wataoshwa na wanawake, na kama imamu au padri ana ruhusa ya kuingia wakati wowote. Mke wangu alitaka kitanda kielekezwe kibla. Walikigeuza bila maneno.

Pesa. Someni penye maandishi madogo. Mgonjwa akifa siku ya tatu, amana yarudi? Yangu haikurudi. Kuja usiku kuna bei yake ya ziada? Dawa zimo au zanunuliwa kando? Na mkiambiwa "SHA italipa", ile bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, nendeni mkaulize SHA wenyewe, si muuzaji.

Baada ya maziko, siku ya tatu ya matanga, nesi yule alikuja. Akapima mofini iliyobaki, akalinganisha na daftari lake, akaichukua. Halafu akakaa na mabinti zangu ndani karibu saa nzima. Walichozungumza sikukijua na sikukiuliza. Miezi miwili baadaye akapiga simu, akaniuliza nalala vipi. Nilimdanganya kwamba nalala vizuri. Akasema, "Sawa Babu, nitapiga tena wiki ijayo." Akapiga.

Sasa Mwenyekiti, nawe Mama Mweka Hazina, ombi langu ni moja. Jumamosi hii msilale mapema. Njooni barazani kwangu, kahawa na kashata ni juu yangu. Leteni ile karatasi yenye picha ya bibi anayecheka. Ikifika saa nane za usiku nitaipiga namba yao mimi mwenyewe, kwa spika, nyote mkisikiliza, nimwambie atakayepokea kwamba natafuta mtu wa kumhudumia mgonjwa wangu, na nataka kujua usiku kama huu nani angekuja. Kama kuna atakayepokea.

Baba yenu,
karani mstaafu, Kisauni